Kuanza biashara ndogo Lubumbashi: maswali mnayoniuliza kila wiki

Nauza vikwembe (vitenge) katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Jumamosi mchana, wanunuzi wakipungua, watu huja kuketi kwenye benchi langu. Wengine wametumwa na shemeji, wengine ni vijana waliomaliza chuo kikuu cha UNILU na hawajapata kazi, wengine ni akina mama waliokwisha kupoteza mtaji mara mbili na sasa wanaogopa mara ya tatu. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana nimeyaandika hapa. Mimi si wakili wala mhasibu, na panapohitaji mmoja wao nimesema wazi.

Nataka kuanza biashara. Nimwendee nani kwanza?

Mwendee mtu anayefanya biashara hiyohiyo, lakini mbali na pale utakapouzia wewe. Ukitaka kuuza makala (mkaa) Katuba, kaongee na mama wa makala wa Ruashi. Yule wa Katuba atakuona mshindani na atakuficha nusu ya mambo. Wa Ruashi hana cha kupoteza. Usiende saa ya wanunuzi wengi, wala usiende mikono mitupu: nunua kitu, keti, msaidie kupanga mafungu, ndipo uulize.

Na usiulize kama biashara inalipa. Kila mtu atakujibu kulingana na alivyoamka siku hiyo. Uliza: gunia likiloa unalifanyaje? Mwezi gani ulikaa bila kuuza? Nani anakudai, na wewe unamdai nani? Ulianza na kiasi gani, na katika hicho ni kiasi gani kilikwama kwa watu mwezi wa kwanza? Hapa kwetu mvua ya Novemba hadi Machi hugeuza hesabu zote. Makala hupanda bei na hufika yameloa, njia za ndani hazipitiki, unga unapanda kwa sababu mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajavunwa. Januari watu wamemaliza pesa kwenye sikukuu. Septemba kila mzazi anawaza shule. Aliyeuza miaka 3 anayajua haya yote, na hakuna ofisi itakayokueleza vizuri kama yeye.

Ongea na watu watatu. Wakipingana, usichukue jibu lililokufurahisha ukakimbia nalo. Rudi uulize kwa nini wanapingana. Mara nyingi utakuta mmoja ananunua kwa jumla na mwingine anachukua kidogokidogo kwa mtu wa kati, na hapo umeshajifunza kitu kikubwa kuhusu biashara hiyo.

Nitamjuaje mshauri wa kuaminika?

Sikiliza anachokuuliza. Mshauri mwema huanza na hesabu zako: una kiasi gani, utauzia wapi, nani atabaki na watoto, usipouza wiki mbili mtakula nini. Yule mwingine huanza na pesa ya dosie, yaani ya kukuandalia faili la karatasi.

Mwaka wangu wa pili sokoni alinijia bwana mmoja, kavaa vizuri, ana kompyuta, akasema anajua njia ya kunipatia msaada wa dola 5 000 kutoka nje. Alitaka 150 kwanza, za kuandika mradi. Niliuza vikwembe kwa bei ya hasara ili nimlipe. Mradi aliuleta, kurasa nyingi, Kifaransa cha shule. Nilipompa mpwa wangu ausome, tukakuta ni mradi wa kufuga samaki. Alikuwa ameunakili mahali fulani, akabadilisha jina la juu tu. Simu yake haikupatikana tena. Ilinichukua karibu mwaka mzima kurudisha ile 150, na sitaki mtu mwingine apitie hayo.

Tangu siku ile nadai mambo matatu kabla ya kutoa hata franka moja. La kwanza, anioneshe watu aliowasaidia, niende kuwaona peke yangu, yeye asiwepo. La pili, karatasi yenye sahihi yake inayosema atafanya nini na ataimaliza lini. La tatu, risiti. Akiniambia nafasi ni ya leo tu, namwacha aende na nafasi yake.

Jambo jingine: mtu anayekupenda si lazima awe anajua biashara. Yaya yako, yaani kaka au dada yako mkubwa, anaweza kukwambia "anza tu, Mungu yupo" kwa moyo safi kabisa. Pokea baraka zake, kisha nenda kwa anayejua bei ya gunia.

Kundi la WhatsApp linasema niweke dola 20, baada ya wiki nipate 60. Jirani yangu amelipwa kweli. Niingie?

Usiingie. Jirani amelipwa kwa pesa za walioingia nyuma yake, na kulipwa kwake ndilo tangazo linalokuvuta wewe. Waulize wazazi wenu kuhusu Bindo Promotion, mchezo kama huo ulioanguka Kinshasa mwaka 1991 na kumeza akiba za watu wengi sana. Wakati ule ilikuwa foleni barabarani, leo ni ujumbe kwenye simu, lakini kazi ni ileile. Uliza swali moja tu: bidhaa iko wapi, na nani ameinunua ambaye si mwanachama? Wakianza kukuhubiria kuhusu imani na watu wenye mawazo madogo, jibu umeshalipata.

Nahitaji karatasi gani? Kila mtu ananiambia lake.

Wanatofautiana kwa sababu karatasi zinategemea ukubwa wa biashara yako. Nieleze taratibu, maana hapa ndipo watu hutapeliwa zaidi.

Kama unauza kidogo, mezani au kwenye kibanda, karatasi yako ni patenti. Ni ruhusa ya biashara ndogo, hudumu mwaka mmoja na kufanywa upya, na sheria imeiweka kwa ajili ya raia wa Kongo. Wengi sokoni hawana zaidi ya hiyo.

Kuna hali nyingine ambayo watu wachache wanaijua. Nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na sheria zake zinatumika hapa tangu Septemba 2012. Sheria ya OHADA kuhusu biashara, ile ya Desemba 2010, ina hadhi inayoitwa *entreprenant*: mtu mmoja mwenye kazi ndogo, iwe ya biashara, ya mikono au ya kilimo. Huyu haandikishwi katika RCCM, daftari rasmi la wafanyabiashara, kama mfanyabiashara mkubwa. Anatoa tamko la kazi yake, anapewa namba, na sheria yenyewe inasema tamko hilo halilipiwi. Atakayekudai pesa kwa hilo, mwombe kwa heshima akuoneshe kifungu.

Ukikua na kutaka kuuzia makampuni au hoteli, au kufungua akaunti ya benki kwa jina la biashara, ndipo unahitaji seti kamili: RCCM, *identification nationale* (namba ya utambulisho wa biashara) na namba ya kodi. Zamani ilikuwa kuzunguka ofisi hadi kiatu kiishe. Tangu amri ya mwaka 2012 iliyounda Guichet Unique, zote huombwa mahali pamoja, na Lubumbashi ina gishe yake. Nenda mwenyewe, soma bei zilizobandikwa ukutani, lipa mahali unapoelekezwa rasmi, toka na risiti. Wale vijana wanaosimama nje wakisema watakupitishia haraka hawana ufunguo wowote ambao wewe huna.

Mkiwa wawili au zaidi, mnaweza kuunda SARL, yaani kampuni ambayo kila mshirika anawajibika kwa kiasi alichoweka tu. Msikubali kuambiwa lazima muwe na maelfu ya dola kwanza: hapa Kongo kiasi cha mtaji wa SARL hupangwa na washirika wenyewe. Lakini katiba ya kampuni msiandike kwa kunakili. Mlipe wakili siku moja akae nanyi, hasa kwenye sura inayosema mmoja wenu akitaka kutoka, au akifariki, itakuwaje. Nimeona marafiki wa tangu utotoni wakifikishana mahakamani kwa sababu ya sura hiyo kuachwa tupu.

Mimi ni mwanamke mwenye ndoa. Lazima mume wangu asaini?

Hapana. Zamani sheria ya familia ilidai ruhusa ya mume, lakini sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa. Akikudai mtu karatasi hiyo, mtajie namba na tarehe. Kuweka nyumba ya familia kuwa dhamana ya mkopo ni jambo lingine, hapo ongeeni nyote wawili kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.

Kila wiki anakuja mtu na daftari kudai kodi. Nani ana haki ya kunidai?

Swali hili huniumiza, kwa sababu nawaona akina mama wanaolipa kila anayevaa kofia. Jua nani ni nani. DGI hukusanya kodi za taifa. DRHKAT hukusanya za mkoa wetu wa Haut-Katanga. Soko na komini (ofisi ya mtaa) wana ushuru wao wa meza. Kila anayekuja ana kazi ya kukuonesha kitambulisho na karatasi ya kazi iliyomtuma, yenye jina lake, tarehe na muhuri. Piga picha kama anakubali, andika jina kama hakubali. Usilipe bila risiti, na risiti zote ziweke katika bahasha moja. Siku atakapokuja wa pili kudai kitu kilekile, bahasha ndiyo itakayosema.

Kuhusu kiasi: sheria ya Februari 2013 iliweka utaratibu mwepesi kwa wadogo. Mwenye mauzo yasiyozidi franka milioni 10 kwa mwaka aliwekewa franka 50 000 kwa mwaka mzima. Wa kati ya milioni 10 na 80 aliwekewa asilimia 1 ya mauzo kwa bidhaa, asilimia 2 kwa huduma. Angalieni neno mauzo. Ni pesa yote iliyoingia, hata kama faida ni ndogo. Na mwaka ule dola ilikuwa kama franka 920, kwa hiyo milioni 10 ilikuwa karibu dola 10 900. Leo franka imeshuka sana na unaifikia milioni 10 upesi zaidi. Ndiyo maana nawaambia watu wakaulize DGI kiwango cha mwaka husika kila Januari, na waombe kioneshwe kwa maandishi.

Kuna mahali pa kupata mafunzo bila kulipa pesa nyingi?

Kuna. ANADEC ndiyo shirika la Leta (serikali) la kusaidia wajasiriamali Wakongomani. Limechukua nafasi ya OPEC ambayo wazee wanaikumbuka. INPP iko tangu 1964 na inafundisha ufundi. Kama unataka kushona, kuchomelea au kutengeneza friji, anzia hapo kabla ya kununua mashine. FEC na COPEMECO ni vyama vya wenye biashara. FEC imejaa wakubwa, lakini wakati mwingine mkutano mmoja wa COPEMECO unakupa wateja kuliko mwezi wa kutembea.

Ukisikia mafunzo yanaitwa TRIE, CREE au GERME, hayo ni ya Shirika la Kazi Duniani. La kwanza ni la kutafuta wazo, la pili la kuanzisha, la tatu la kuendesha vizuri. Nayapenda kwa sababu yanakulazimisha kuandika namba zako mwenyewe. Muulize anayefundisha aliupata wapi ualimu wake wa GERME, na akuoneshe cheti.

Benki ya Dunia nayo iliidhinisha mwaka 2022 mradi unaoitwa TRANSFORME, kwa wanawake wajasiriamali na biashara ndogo, na Lubumbashi imo. Mashindano na usajili vinafunguliwa kwa vipindi. Anayekuuzia fomu ya mradi wa namna hiyo ni mwizi, mripoti.

Wale mnaosoma wenyewe, sheria za Kongo ziko bure kwenye leganet.cd, na za OHADA kwenye ohada.com. Na usisahau wanafunzi wa chuo cha biashara cha ISC na wa uchumi UNILU. Wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Mmoja alinipangia daftari langu wiki tatu, malipo yake yakawa chakula cha mchana na barua nzuri kwa mwalimu wake.

Sina mtaji. Nikope wapi?

Kwanza usikope wapi: kwa Bank Lambert, yaani wakopeshaji wa mtaani wasio benki. Unachukua 100 leo, mwezi ukiisha anataka 130, wengine 150. Hakuna biashara ya mikate wala ya unga inayozaa hivyo kila mwezi. Nimeona friji, televisheni na hata cherehani ya kazi zikibebwa kwa deni la dola 80. Mama mmoja alibebewa cherehani iliyokuwa ikiwalisha watoto wanne. Kama una shida ya ugonjwa usiku, hilo ni jambo la familia na majirani. Lakini mtaji wa biashara usiutoe huko.

Likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, bado ndiyo shule nzuri ya pesa tuliyo nayo. Watu 10, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, mmoja anabeba 200. Wa kwanza amekopa bila riba, wa mwisho amejiwekea akiba bila faida. Kwa hiyo ombeni zamu kwa akili. Anayeshona nguo za shule aombe Julai, anayeuza vikwembe aombe Novemba kabla ya sikukuu. Na likelemba iwe ya watu ambao unajua wanapolala. Ya watu msiojuana kwenye simu siiamini.

Ukienda kwa microfinance (taasisi ya mikopo midogo) au COOPEC (chama cha kuweka na kukopa), hakikisha kwanza kwamba Benki Kuu imeipa kibali. Benki Kuu ndiyo inayosimamia taasisi hizi, na orodha ya zilizoruhusiwa hutangazwa. Bango zuri na walinzi mlangoni si kibali. Kisha uliza swali ambalo watu hawaulizi: riba inahesabiwa juu ya nini? Tuseme umekopa dola 600 kwa miezi 6, riba asilimia 4 kwa mwezi, unarudisha 100 kila mwezi. Kama riba inahesabiwa juu ya 600 mpaka mwisho, utalipa 24 mara 6, yaani 144. Kama inahesabiwa juu ya deni lililobaki, utalipa 84. Asilimia ni ileile mdomoni mwa karani, tofauti ni dola 60 mfukoni mwako. Ongeza ada ya dosie, bima, na akiba ya lazima wanayoizuia. Mwambie karani aandike jumla yote utakayorudisha kwenye karatasi moja. Akikataa, ondoka.

Na ukope kwa pesa unayouzia. Ukiuza kwa franka na kukopa kwa dola, franka ikishuka wewe ndiye unayelipa tofauti.

Na hizi pesa za bure kutoka nje?

Zipo za kweli, chache. Tony Elumelu Foundation, kwa mfano, hutoa dola 5 000 kwa Waafrika wenye mradi, na kuomba ni bure kwenye tovuti yao wenyewe. Omba, kwa nini usiombe? Lakini usikodi kibanda kwa kutegemea pesa ambayo haijafika.

Nauza mikate. Naona pesa inaingia, lakini mwisho wa mwezi sina kitu. Kosa liko wapi?

Lete daftari tuone. Kwa kawaida nakuta hivi: mama anaandika unga, mafuta, sukari na chachu, jumla tuseme franka 60 000. Ameuza 75 000. Anasema amepata 15 000. Makala hajaandika, kwa sababu alitumia ya nyumbani: 5 000. Usafiri 3 000. Ushuru wa meza 1 000. Mikate waliyokula watoto asubuhi, 4 000. Imebaki 2 000, na hapo hajajilipa kwa kuamka saa 10 za usiku.

Tenga mifuko miwili, au akaunti mbili za M-Pesa au Airtel Money: ya biashara na ya nyumba. Jilipe kiasi kilekile kila wiki, hata kama ni kidogo, na bukari (ugali) ya nyumbani inunuliwe kwa hicho. Muyomba (mjomba) akija kuomba, mpe kutoka mfuko wa nyumba. Najua ni vigumu, kwa sababu ndugu huona meza imejaa na hudhani yote ni yako. Mwoneshe daftari. Wangu walielewa walipoona deni la mwenye duka la jumla limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Nataka kuleta bidhaa kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Safari ya kwanza nenda na mtu mzoefu, na mzigo mdogo. COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ina utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha yake. Uliza orodha hiyo kabla ya kununua, kwenye ofisi ya forodha, wala usiulize kwa wabeba mizigo. Njia ya panya ni rahisi mpaka siku mzigo wote unapochukuliwa.

Je, mdogo anaweza kufanya kazi na makampuni ya migodi?

Anaweza. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imeweka kazi za kandarasi ndogo kwa makampuni yenye mtaji wa Wakongomani walio wengi, na ARSP ndiyo inayosimamia na kusajili. Lakini makampuni hulipa kwa kuchelewa. Kama huwezi kukaa miezi 3 bila kulipwa ilhali wafanyakazi wako wanakula, anza na kandarasi ya kufua au ya chakula kwa kampuni ndogo kwanza.

Sijui Kifaransa vizuri, na karatasi zote ni za Kifaransa.

Usione haya. Katiba yetu ya 2006 imetaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na karani wa Lubumbashi anakijua vizuri kama wewe. Mwambie: "Papa, nisomee kwa Kiswahili, polepole." Usisaini siku hiyohiyo. Omba nakala uende nayo nyumbani, umpe mtoto anayesoma akutafsirie, kisha umpe na mtu wa pili, maana mtoto anaweza kuogopa kusema hajaelewa. Wakusomee hasa namba, tarehe, na maandishi madogo ya chini. Jumamosi mchana, kama huna wa kukusomea, niletee sokoni. Mpwa wangu, yule aliyegundua samaki, sasa yuko mwaka wa mwisho wa sheria, na huketi nami kuanzia saa 8.